Kompyuta ya Watu Wawili

Jumanne, saa tatu asubuhi, kompyuta ya Damian Kahigi ilikataa kuchapa mtihani wa hisabati wa darasa la saba. Ilileta kisanduku kidogo katikati ya kioo, kikisema diski imejaa. Damian akakifunga. Kikarudi. Akafuta picha za harusi ya mwaka juzi, akajaribu tena, kikarudi vilevile.

Nyuma yake, kwenye benchi la wateja, Mwalimu Rutashobya alikuwa ameketi tangu saa mbili pamoja na walimu wawili wa shule jirani. Mitihani ilikuwa ianze kesho. Shule nne zilikuwa zimempa Damian kazi hiyo, kwa sababu steshenari yake ndiyo iliyokuwa karibu pale Kagoma, na kwa sababu katika miaka minane hakuwahi kuruka swali wala kukosea namba.

"Tunasubiri nini, Damian?" Rutashobya aliuliza.

"Mashine imejaa, mwalimu. Naomba dakika chache."

"Imejaa kitu gani? Karatasi zetu sisi ni sita tu."

Wale walimu wawili walicheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka kukaa. Damian alijua imejaa kitu gani, ila hakujua namna ya kukisema mbele yao. Laptop ile ilikuwa moja kwa nyumba nzima. Mchana ilikuwa ya duka. Jioni akiirudisha nyumbani ilikuwa ya mkewe, Evodia, ambaye alikuwa afisa ugani wa kata ya Kimwani na mwaka wa tatu huu alikuwa akisomea shahada ya uzamili. Alikuwa akichunguza mnyauko, ugonjwa uliokuwa ukimaliza migomba ya watu. Programu za kusoma vinasaba vya bakteria wa mnyauko hazikutengenezwa kwa ajili ya Windows. Zilitaka mfumo mwingine uitwao Linux. Kuiondoa Windows asingethubutu, maana ndiyo iliyolisha duka, kwa hiyo aliiingiza Linux ndani ya Windows hiyohiyo, kama mpangaji aliyepewa chumba cha uani. Mpangaji huyo alikuwa akinenepa kila jioni.

Damian alimpigia mkewe simu mara tano. Haikupatikana. Evodia alikuwa Bukoba kwenye kikao cha siku mbili, na katika vikao vile simu huzimwa.

Saa tano fundi Yoeli akafika kwa bodaboda kutoka Muleba mjini. Alivuta kiti, akabonyeza hapa na pale, akasoma.

"Hapa kuna kitu kinaitwa Ubuntu," alisema. "Kimekula karibu nusu ya diski. Wewe unakitumia?"

"Ubuntu?" Rutashobya aliinuka kuangalia. "Si neno letu hilo? Obuntu, utu?"

"Ni cha mke wangu," Damian alisema. "Cha masomo."

"Ana faili zake humu?"

"Faili zake ziko kwenye kidiski cheusi. Kiko nyumbani."

"Una uhakika?"

Damian aligeuka akatazama benchi. Mwalimu mmoja alikuwa ametoa simu na anamsomea mwenzake namba ya steshenari nyingine, ya Muleba, kwa sauti ya kusikika.

"Nina uhakika. Nimekiona kwa macho, faili zote za maabara ziko kule."

"Basi nikitoe?"

"Kitoe."

Haikuchukua hata nusu dakika. Printa ikaunguruma, karatasi ya kwanza ikatoka ikiwa na joto. Rutashobya akaipokea, akaikagua juu mpaka chini, akasema bila ubaya mkubwa, "Mwanamke akisoma sana, hata printa hugoma." Walimu wakacheka. Damian naye akacheka, maana hao ndio waliokuwa wateja wake.

*

Evodia alishuka kwenye basi la Bukoba saa kumi na moja jioni, akapita dukani moja kwa moja. Damian alikuwa akifunga bahasha za mwisho kwa gundi. Alimwambia mwenyewe, kabla hajakaa.

"Mama Anna, leo mashine ilijaa. Nilimwita Yoeli. Tumeitoa ile Ubuntu yako ili mitihani itoke. Utairudisha tu, si ndiyo?"

Evodia aliweka mkoba chini. "Mmeitoa vipi? Mmeifunga au mmeifuta?"

"Tumeifuta."

"Yote?"

"Faili zako si ziko kwenye kidiski?"

"Kule ziko za maabara. Mbichi." Alikaa kwenye benchi, pale walipokuwa wamekaa walimu. "Majibu yalikuwa humu."

Damian aliendelea kushika ile bahasha ingawa ilikwisha kushikamana. Alikuwa amezoea kuona kioo kikiwa cheusi jioni na maandishi meupe yakipanda, mke wake akiyatazama huku anakula, na kwa kweli hakuwahi kuuliza maandishi yale yalikuwa yanakwenda wapi.

"Majibu mangapi?"

"Sampuli ni thelathini na moja. Nilikuwa nimemaliza ishirini na mbili. Kila moja ni saa tano za mashine." Alisema taratibu, kama anayemweleza mkulima dozi ya dawa. "Wiki tatu, Baba Anna. Sura ya nne yote."

"Na kwa nini hukunakili pembeni?"

Lilipomtoka tu alijua si swali la kuuliza wakati ule.

"Ningenakili Jumapili," Evodia alisema.

Walitembea kurudi nyumbani, yeye mbele na mkoba, mume nyuma na laptop kwapani. Binti yao Annastella alikuwa bweni, kwa hiyo nyumbani kulikuwa na mtu mmoja tu, mama yake Damian, Bibi Kokubanza, aliyekuwa jikoni akimenya ndizi. Aliwaona walivyoingia, akauliza kwa Kihaya kuna msiba wa nani. Damian akamweleza kwa ufupi, akidhani mama atayapuuza mambo ya kompyuta kama alivyoyapuuza siku zote.

Mama aliweka kisu chini.

"Mtu akilima kibanja mwaka mzima, wewe ukakitia moto, utamwambia ulikuwa unafagia?"

"Mama, wateja walikuwa wamekaa pale."

"Wateja watakaa kesho. Muombe radhi mwenzako."

"Nimeshamwomba."

"Sijakusikia."

Damian akaomba radhi mbele ya mama yake, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, amesimama mlangoni mwa jiko. Evodia alisikiliza na hakufurahi. Kwa miaka miwili mama huyo alikuwa akisema vitabu haviivishi ndizi, na leo amegeuka wakili wake, naye Evodia hakustahili kutetewa. Jumatatu jioni kile kisanduku kilimtokea yeye kwanza. Alikisoma chote. Alijua nafasi iliyobaki ilikuwa ya kukwangua. Lakini sampuli mbili zilikuwa njiani, na alijisemea kwamba Damian ana karatasi sita tu za kuchapa, zitapita. Akakifunga kisanduku, akalala. Sasa alichukua kisu, akaanza kumenya ndizi pembeni ya mkwe wake.

*

Jumatano alirudi Bukoba kumalizia kikao. Wakati wa chai alimtafuta Alexander, mtu wa takwimu wa pale ofisini, ambaye ndiye aliyemfundisha mambo ya Linux.

"Inarudishwa?" alimuuliza.

Alexander alitafuna andazi lake mpaka likaisha. "Ingekuwa faili mojamoja tungejaribu. Lakini ukiitoa vile, diski yake nzima inakwenda nayo. Haipiti hata kwenye kapu la taka. Pole, dada."

"Basi."

"Nilikuambia uwe una..." Alikatiza mwenyewe.

"Uliniambia."

"Chuo wamekupa mpaka lini?"

"Jumapili ya wiki ijayo. Wameniongezea mara mbili tayari. Barua inasema hakuna ya tatu."

Alexander alihesabu kwa vidole saa za mashine. Ikiwaka mchana na usiku bila kuzimika, alisema, siku saba zinaweza kutosha, zikibaki mbili tatu za kuandika. Safari hii kila jibu likitoka liandikwe upande wa Windows, kisha flashi. Asiache kitu ndani ya Ubuntu hata kwa saa moja.

Alikwenda kwa mkuu wake kuomba likizo ya siku kumi, au kama haiwezekani, kompyuta moja ya ofisi iliyokuwa imekaa bila mtu. Mkuu alikuwa amesimama kwenye korido na wageni wawili, kikombe mkononi, na hakuona sababu ya kuingia naye ofisini.

"Kompyuta za ofisi si za masomo ya mtu binafsi," alisema. "Na kesho kampeni ya kung'oa migomba yenye mnyauko inaanza Kimwani. Wewe ndiye afisa wa kata. Nikikuruhusu, watang'oa na nani?"

"Naelewa, mkuu."

"Una miaka mingapi sasa, Evodia?"

"Arobaini na moja."

"Basi," mkuu alisema, na wageni wakatazama vikombe vyao. Hakueleza basi hiyo ilikuwa na maana gani. Evodia alirudi kikaoni, akaandika kumbukumbu za mjadala wa mbegu mpaka saa tisa.

Jioni alimweleza Damian kila kitu, isipokuwa jambo la kisanduku cha Jumatatu. Kampeni ni siku nane. Atalala kulekule Kimwani na wenzake. Mashine itakuwa hapa na yeye atakuwa kule.

"Kwani kinachofanyika ni nini?" Damian aliuliza. "Si ni kuandika maneno, inafanya, unasubiri, unaandika mengine?"

"Ni hivyo."

"Kuandika naweza."

"Si Kiswahili wala Kiingereza. Ukikosea nukta moja inakataa."

"Miaka minane nachapa majina ya watoto wa darasa la saba," Damian alisema. "Unajua nimekosea mangapi?"

Usiku ule aliipunguzia mashine mzigo. Alihamishia kwenye flashi mitihani ya zamani, kadi za harusi, nyimbo za kwaya, na folda aliyokuwa hapendi kuigusa, ya ratiba za mazishi. Watu walikuwa wakizirudia wakati wa kumbukumbu ya mwaka, akawa ametunza zote. Intaneti ya simu ilikuwa inavuta kwa shida. Alfajiri gari la kampeni lilipopiga honi nje, Ubuntu ilikuwa imeingia, lakini tupu, bila programu hata moja.

*

Kimwani simu ilikamata mtandao sehemu moja tu, nyuma ya ukuta wa shule. Saa saba mchana, wakulima walipokwenda kula, Evodia alisimama pale na panga bado mkononi. Alikuwa ametuma amri kwa ujumbe wa maandishi, lakini simu ilizigeuza. Ilianza kila kitu kwa herufi kubwa na vistari viwili ikavifanya kimoja kirefu. Ikabidi azitamke.

Dukani Damian aliweka simu mezani, akaifungulia spika. Wateja wawili walikuwa wakisubiri kopi.

"Andika s, u, d, o. Zote ndogo."

"Sudo. Ndiyo nini?"

"Ni kama kusema unaamuru kwa ruhusa ya mkuu. Acha nafasi. a, p, t. Nafasi. Install."

"Install naijua."

"Nafasi. s, p, a, d, e, s."

Damian alisimamisha vidole. "Hii si sepeto? Mnasoma vinasaba kwa sepeto?"

"Ndilo jina walilolipa hicho kifurushi. Bonyeza enta."

"Inataka neno la siri. Naandika, hakuna kinachotokea."

"Hakionekani. Andika tu."

"Na nikikosea nitajuaje?"

"Itakuambia."

Upepo ulipita kwenye simu ya Evodia. Kisha Damian akasema, "Imekataa. Inasema haijakiona hicho kifurushi."

"Umeandika vibaya."

"Nimeandika ulivyosema."

"Baba Anna, isome tena. Umeruka herufi."

Mteja mmoja alimtazama mwenzake. Damian aliinama karibu na kioo, akasoma kwa sauti herufi moja baada ya nyingine, na kila penye nafasi akasema nafasi, mpaka mwisho. Hakukuwa na kosa. Evodia aliegemea ukuta. Alikumbuka siku Alexander alipomwonyesha mara ya kwanza, kwamba mfumo ukiwa mpya haujui duka la vifurushi liko wapi wala lina nini, lazima uuagize kwanza ukasome orodha.

"Nimesahau mimi," alisema. "Kuna amri ya kutangulia. Andika sudo, apt, halafu update. Samahani."

"U, p, d, a, t, e."

"Hivyohivyo."

Mistari ikaanza kupanda. Ilipanda kwa muda, ikasimama.

"Kifurushi kimekwisha," Damian alisema.

"Kipi? Cha programu au cha intaneti?"

"Cha intaneti."

Alitoka akanunua vocha kwenye kibanda cha ng'ambo, wateja wakimsubiri, akarudi. Sepeto ikaingia, na nyingine mbili nyuma yake. Saa nane na nusu sampuli ya kwanza ilianza. Evodia alimtajia amri yake, ndefu kama mstari wa wimbo, Damian akaiandika kwanza kwenye daftari, kisha kwenye mashine. Akaiona inavyofanana. Akauliza, "Ya pili nabadilisha hii namba tu, hapa na hapa?"

"Hapa na hapa. Na jina la folda ya majibu."

"Basi nenda kang'oe migomba."

Nyuma ya shule kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa ameketi kwenye shina la mgomba uliokatwa, mkaikuru, mwanamke mzee wa umri wa mkwe wake. Kampeni ilikuwa imemwachia migomba saba kati ya sitini. Alimuuliza Evodia kama ni kweli hawezi kupanda tena mpaka miezi sita ipite. Evodia akasema ni kweli. Mama akauliza atakula nini. Evodia, ambaye alikuwa amefundishwa jibu la swali hilo, alimwambia habari za mihogo na viazi, na mama akamsikiliza kwa heshima mpaka akamaliza.

*

Mashine haikuweza kufanya kazi mbili. Damian alijaribu mara moja kuchapa barua ya mteja wakati sampuli inaendelea, ikaganda, ikabidi sampuli ianzwe upya. Baada ya hapo alibandika karatasi mlangoni: LEO HATUCHAPI, KOPI TU. Alilala dukani kwenye benchi, na umeme ulipokatika aliamka kuangalia kama betri itavumilia. Mara tatu haikuvumilia.

Jumatatu Mwalimu Rutashobya alikuja na matokeo ya mitihani ya shule nne, majina na alama, yachapwe kwenda kwa afisa elimu.

"Mashine ina kazi, mwalimu," Damian alisema.

Rutashobya alisogea akatazama kioo cheusi. "Kazi ya nani?"

"Ya mke wangu."

"Mpaka lini?"

"Alhamisi."

"Na mimi natakiwa Jumatano." Mwalimu alikaa, akavua kofia. Hakuwa mtu mbaya, na alikuwa amechoka vilevile, alikuwa na walimu sita kwa watoto mia tano. "Damian, sikiliza. Hii ni biashara yako. Shule nne si kitu kidogo."

"Najua, mwalimu."

"Izime kwa nusu siku."

"Siwezi."

Rutashobya akarudisha kofia kichwani. "Waitu, ndugu yangu, basi nipe zile orodha za muhula uliopita, niwapelekee wale wa Muleba. Wasianze kuandika majina yote upya."

Damian alitoa flashi kwenye droo, akampa. Ndani yake kulikuwa na majina ya watoto wote wa shule zile tangu alipofungua duka, kila jina amelihakikisha yeye. Rutashobya aliitia mfuko wa shati, akaaga vizuri, akatoka. Wiki iliyofuata aliirudisha kwa mkono wa mtu mwingine.

*

Evodia alirudi Alhamisi mchana, viatu vimekaukiwa na tope la Kimwani. Alimkuta mumewe amekaa mbele ya mashine, mikono magotini, anasubiri. Daftari lilikuwa wazi. Kila sampuli ilikuwa na mstari wake, saa iliyoanza, saa iliyoisha, na penye hitilafu sababu yake: nilichapa barua, umeme, umeme, umeme.

"Ishirini na saba," Damian alisema. "Hii ikiisha saa kumi. Nne hazikuwahi. Ukitaka niendelee naendelea."

"Hapana. Nahitaji kuandika."

"Zote ziko kwenye flashi mbili. Moja iko kwa mama, kwenye kabati."

Evodia alikaa kwenye benchi. Aliona blanketi lililokunjwa chini yake, na mswaki kwenye kikombe juu ya mashine ya kopi. Aliuona ukuta mtupu pale palipokuwa na kalenda ya mitihani ya shule nne, na hakukuwa na mteja hata mmoja, ingawa ilikuwa saa nane ya siku ya kazi.

"Jumatatu ile," alisema, "siku moja kabla ya mitihani. Kile kisanduku nilikiona."

Damian hakugeuka.

"Kilisema nafasi imekwisha. Nikakifunga. Nilitaka sampuli mbili ziishe kwanza. Mama alipokuwa anakusema nilikuwa nimekaa pale, najua."

Kwenye kioo mstari mmoja mweupe uliongezeka, kisha mwingine.

"Ungeniambia," Damian alisema, "ningeamka alfajiri nikachapa. Kisha ningekuachia."

"Ndiyo."

"Yoeli aliniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia ninao. Sikuwa nao. Walikuwa wamekaa hapo ulipokaa."

Mama alikuwa ametuma ndizi na maharage kwenye bakuli lililofunikwa, wakala wote wawili kwa bakuli moja, wakitazama mashine. Saa kumi na dakika tano sampuli ya ishirini na saba iliisha. Damian akaandika muda wake kwenye daftari, akanyanyuka, akabandua ile karatasi ya mlangoni.

*

Sura ya nne ilitumwa Jumapili mchana. Msimamizi wake wa chuoni aliuliza kwa barua pepe kwa nini ni ishirini na saba na si thelathini na moja. Evodia akaandika kwamba nne hazikukamilika kwa matatizo ya kifaa. Msimamizi akajibu kwamba inatosha, ila alama zingekuwa bora zaidi kama zote zingekamilika. Miezi mitatu baadaye Evodia akafaulu, kwa sharti la kufanya masahihisho.

Shule mbili zilirudi kwa Damian. Shule ya Rutashobya na nyingine zilibaki Muleba, ambako walikuwa na mashine mbili. Mwalimu akipita barabarani alisalimia kama zamani, aliuliza habari za nyumbani, na hakuingia.

Nakala za mwisho za tasnifu zilipaswa kuchapwa kwa vipimo vya chuo, pambizo ya kushoto pana kuliko ya kulia, namba za kurasa za mwanzo kwa Kirumi. Evodia aliileta dukani Jumamosi asubuhi. Damian alipitia ukurasa mmoja baada ya mwingine, akisawazisha, bila kusoma, kama fundi wa nguo anavyopima mtu bila kumuuliza anakwenda wapi. Alipofika ukurasa wa shukrani alipunguza mwendo. Kiingereza chake kilikuwa cha shule, lakini kilitosha. Mungu alikuwapo, na msimamizi, na Alexander, na wakulima wa Kimwani. Mwisho kabisa alikuwapo mume wangu, Damian Kahigi, kwa uvumilivu wake.

"Hili neno la mwisho," alisema, akiweka kidole kwenye kioo. "Ni uvumilivu?"

"Ndiyo."

"Liondoe."

"Kwa nini? Wote huandika hivyo."

"Mimi sikuvumilia. Wewe unajua, na mimi najua. Litakaa maktaba miaka mingi."

Evodia alilitazama neno lile. Alikuwa ameliandika haraka, kama mtu anavyojibu salamu, na hakuwa ameliwaza mpaka sasa. "Basi niweke nini? Kwa msaada? Kwa kuchapa?"

"Usiweke kitu. Weka jina tu."

"Litaonekana pungufu."

"Lionekane."

Damian alisubiri kuona kama mkewe atakataa. Hakukataa. Damian akapeleka mshale mwisho wa mstari, akafuta kurudi nyuma herufi moja moja mpaka likabaki jina lake peke yake, akaweka nukta. Mlangoni mwanamke mmoja alikuwa amefika na cheti cha kuzaliwa cha kutoa kopi, akasimama kusubiri zamu.

"Nakala ngapi?" Damian aliuliza, kwa sauti ileile aliyowauliza wateja wote.

"Nne," Evodia alisema, na akasogea kwenye benchi ili mgeni apate pa kukaa.